Hakuwa Ameotea

Mwanzoni mwa mwaka 2017 nilisema sentensi moja kwenye simu ambayo hadi leo inanirudia. Haikuwa sentensi mbaya. Ilikuwa sentensi ya mtu aliyesoma, iliyosemwa kwa upole, na kila aliyeisikia aliikubali. Nilisema: "Baba, mpira wa wanawake hapa kwetu hauna hela. Amalize fomu foo kwanza, mengine yatafuata."

Upande wa pili wa simu alikuwa baba mdogo, mume wa mama yangu mdogo, akiwa nyumbani kwake karibu na Katoro, mkoani Geita. Aliyekuwa akijadiliwa ni binti yake, mdogo wangu, wakati huo ana miaka kumi na mitano na ndiyo kwanza anaingia kidato cha tatu. Jina lake silitaji, ameniomba hivyo. Mwalimu wa michezo alikuwa amemwona kwenye mashindano ya UMISSETA, akamtafutia nafasi ya kwenda kufanya majaribio kwenye kituo kimoja cha soka jijini Mwanza. Akifaulu angekaa bweni, asome na acheze hukohuko. Familia ikakaa kikao. Mama mdogo alitaka aende. Bibi akasema mtoto wa kike halali nje. Baba mdogo, ambaye si mtu wa kuamua jambo kwa hasira, akasema: tumuulize dada yake, yeye ni mwandishi wa habari, yuko Dar, mambo haya anayajua.

Nilikuwa siyajui. Lakini nani anaitwa mtaalamu na familia yake halafu akasema "sijui"?

Kibaya zaidi, nilikuwa nimemwona akicheza wiki chache tu kabla ya simu ile. Nilikwenda nyumbani Shinyanga kwa Krismasi, kisha nikapitia Katoro kuwasalimia. Uwanja wao ulikuwa kipande cha ardhi nyuma ya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu ambazo kelele zake ukizizoea huwezi tena kulala zikizimwa. Magoli yalikuwa viroba vya mawe, viwili huku, viwili kule. Wachezaji wote walikuwa vijana wa kiume, wabeba mizigo na wasaga mawe, miguu imepauka kwa vumbi. Na yeye. Alikuwa amevaa fulana ya shule iliyofungwa fundo kiunoni, chini suruali ya kaka yake.

Alikuwa straika. Nadhani asiyejua mpira angemwona mvivu. Alisimama karibu na beki wa mwisho, mikono kiunoni, kama mtu anayesubiri chenji dukani. Dakika tano nzima hakugusa mpira. Halafu ghafla hakuwepo pale, alikuwa nyuma ya beki, peke yake na kipa. Alifanya hivyo mara tatu, na mara mbili alifunga. Jioni nikamuuliza anajuaje wakati wa kukimbia.

"Simwangalii mwenye mpira, dada," alisema. "Namwangalia beki. Akigeuza shingo tu kuangalia mpira, mimi naondoka."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Niliporudi Dar nilimhadithia mwenzangu ofisini, tukacheka kwa furaha. Na bado, nilipoulizwa, nikasema hauna hela.

Sasa nieleze nilichopaswa kukijua. Msimu uleule wa 2016/17, Tanzania Bara ilikuwa imeanza kuchezesha Ligi Kuu ya Wanawake. Bingwa wake wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens, timu ya Mlandizi, mkoa wa Pwani. Habari zao niliziona. Zilikuwa mistari michache chini ya ukurasa, nami nikazipita kama unavyopita tangazo la kiwanja kisichokuhusu. Nilikuwa nimekulia Shinyanga, na mpira kwangu ulikuwa Uwanja wa Kambarage, ulikuwa Stand United na Mwadui. Mkoa wetu mdogo ulikuwa na timu mbili Ligi Kuu kwa wakati mmoja, moja ya wana wa mjini, nyingine ya mgodi wa almasi, na sisi tuliona fahari. Zote mbili za wanaume. Haikunipitia kichwani hata siku moja kuuliza: na wasichana wanacheza wapi?

Kuna msichana mwingine, mdogo kwa mdogo wangu kiumri, ambaye miaka hiyohiyo naye alikuwa akiukuza mpira wake. Anaitwa Aisha Masaka, na wengi wenu mnamjua. Nimeifuatilia safari yake kwa namna ambayo mhariri wangu anadhani ni ya kikazi. Si ya kikazi.

Masaka alipita Alliance Girls ya Mwanza, timu iliyozaliwa kwenye shule na kituo cha soka. Akaenda Yanga Princess, na msimu wa 2020/21 akawa mfungaji bora wa ligi. Novemba 2020 alikuwa kwenye kikosi cha wasichana wa chini ya miaka 17 kilichokwenda Afrika Kusini kama mgeni mwalikwa wa COSAFA na kurudi na kombe, yeye akiwa mfungaji bora wa mashindano. Mwaka 2022 akasajiliwa na BK Häcken ya Göteborg, Sweden. Msimu wa 2023/24 Häcken ilipangwa kundi moja na Chelsea, Real Madrid na Paris FC, na Masaka akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya ya wanawake. Agosti 2024 akavuka tena, Brighton & Hove Albion, Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya Wanawake ya Uingereza.

Ukiisoma orodha hiyo haraka utaona muujiza, kila mstari "wa kwanza". Mimi nimeisoma mara nyingi, na ninachokiona ni milango. Katika kila hatua kulikuwa na mtu aliyeshika mlango: shule yenye bweni na uwanja, kisha klabu kubwa iliyoamua kuwa na timu ya wanawake, kisha timu ya taifa ya vijana yenye safari na mashindano ambako mawakala hutazama, kisha klabu ya Ulaya iliyo tayari kumsubiri binti azoee baridi. Wenzake walipita njia zinazofanana. Opah Clement alitoka Simba Queens akaenda Uturuki. Clara Luvanga alitoka Yanga Princess, akapita Hispania, akafika Al Nassr ya Saudi Arabia. Miguu ni yao na mabao ni yao, hakuna anayewapunguzia. Lakini hakuna hata mmoja aliyetokea nyuma ya karasha na kuonekana moja kwa moja Brighton.

Wanasiasa na watangazaji wetu wanapenda kusema "kipaji ni dhahabu". Nikiwa Dar sentensi hiyo hunipita. Nikiwa Geita hunichekesha, kwa sababu kule watu wanaijua dhahabu. Hakuna mchimbaji anayeamini dhahabu itatoka yenyewe kwa kuwa ni dhahabu. Kwanza unachimba duara, wiki au miezi, ukilisha watu ambao huenda wasikurudishie kitu. Unapata mawe, unayajaza kwenye viroba. Unayapeleka karasha yasagwe yawe unga. Unayapitisha kwenye maji, unachenjua, na mwishoni kinachobaki kinakaa kwenye ncha ya kidole. Na hata yale mawe ambayo mgodi mkubwa uliyaona hayana faida, magwangala, watu wa Geita walipigania wapewe kwa sababu walijua ndani yake bado kuna kitu. Sisi tunaoandika habari za michezo ndio tunaodhani kipaji kikiwepo kitajitokeza tu. Wenzetu wa maduara wangetucheka.

Nisimtupie lawama baba mdogo. Alikuwa na sababu za kuogopa, na zilikuwa sababu za kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 uliiweka Shinyanga juu kabisa kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kufikisha 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 mzazi akiridhia. Mahakama Kuu ilikitamka kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, kwa kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Baba mdogo hakuwa anataka ng'ombe. Alikuwa amekataa posa mbili. Aliona mabinti wa jirani wakienda mjini "kutafuta" na kurudi na mimba. Kwake kumweka binti nyumbani kulikuwa ndiyo kumlinda.

Wasomaji wa Kezilahabi mnamkumbuka Zakaria, baba yake Rosa katika Rosa Mistika, riwaya ya 1971 kutoka Ukerewe, ziwa lilelile letu. Baba anayemlinda binti kwa fimbo hadi ulinzi wenyewe unakuwa ndio chanzo cha kuharibikiwa kwake. Niliisoma nikiwa msichana na nikamchukia Zakaria kwa roho yangu yote. Sikujua kwamba kuna namna nyingine ya kuwa Zakaria, isiyo na fimbo wala kelele, yenye shahada ya chuo kikuu na vocha ya simu. Baba mdogo alikuwa na hofu, lakini pia alikuwa na mashaka juu ya hofu yake. Ndiyo maana alipiga simu. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia "mwache aende". Mimi nikampa sababu safi ya kumzuia.

Hakwenda Mwanza. Hakulia pia, au hakulia mbele za watu. Mama mdogo anasema aliacha kwenda nyuma ya karasha kama miezi miwili baadaye, bila kugombezwa na yeyote. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2018, kama nilivyoagiza, na matokeo yake yalikuwa ya kawaida ya shule yenye walimu wachache. "Mengine" niliyosema yatafuata yakafuata: akauza chakula kwa wachimbaji, akaolewa akiwa na miaka kumi na tisa, akapata mtoto, sasa ana kibanda cha wakala wa pesa za simu. Ni maisha ya heshima. Ana akili ya hesabu, mumewe ni mtu mwema. Sitaki kuyaandika maisha yake kama msiba ili mimi nipate mwisho wa kusikitisha.

Lakini kile nilichosema kuhusu hela, ngoja tukiangalie. Februari 2024, Bay FC ya Marekani ilimnunua Racheal Kundananji kutoka Madrid CFF kwa zaidi ya dola 780,000, karibu shilingi bilioni mbili za wakati ule. Ilikuwa rekodi ya dunia kwa mchezaji wa kike. Kundananji ni straika wa Zambia, nchi ya migodi kama huku kwetu. Alipita Indeni Roses ya Ndola, kwenye ukanda wa shaba. Najua, najua: huyo ni mmoja. Nimewahoji wachezaji wa ligi yetu, na wengi wakikuonyesha wanachopata mwezi mzima utatazama pembeni. Kwa hiyo sentensi yangu haikuwa uongo mtupu. Ila siku ile hakuna aliyeniuliza kama mpira una hela. Mtoto alikuwa ameomba nauli ya kwenda kujaribu, na nauli ya Katoro hadi Mwanza si mtaji wa kufilisi ukoo.

Julai mwaka 2025 nilikwenda kumwona. Nilitoka Mwanza asubuhi, nikapita daraja jipya la Kigongo–Busisi, lile la kilomita tatu lililozinduliwa mwezi mmoja kabla. Nilizoea kivuko. Nilizoea foleni ya magari, wauza samaki, karanga na mayai ya kuchemsha, ukiangalia saa na kuangalia maji. Safari hii gari lilipanda darajani, na kabla sijamaliza kujibu meseji tulikuwa tumeshavuka. Nikajikuta nina hasira ya ajabu, hasira ya mtu aliyeona kitu kizuri kimechelewa.

Usiku wa tarehe 11 Twiga Stars walikuwa wakicheza na Afrika Kusini kule Morocco, kwenye fainali za Afrika, mara ya pili tu kwa Tanzania kufika baada ya 2010. Tulikwenda kutazama banda umiza, tukakaa kwenye benchi la mbao katikati ya wachimbaji. Wanawake tulikuwa wanne. Opah Clement akafunga kipindi cha kwanza, banda likalipuka, mtu akamwaga soda kwenye viatu vyangu. Mdogo wangu hakuruka. Alikuwa ameegemea mbele, viwiko juu ya magoti, midomo inacheza. Nikasogea nimsikie. Alikuwa anawasemesha mabeki wa Afrika Kusini. "Geuka," alikuwa anasema. "Geuka. Ee. Sasa."

Kwa miaka minane nilidhani mpira ulikuwa umemtoka.

Afrika Kusini wakasawazisha, mechi ikaisha 1-1, tukarudi nyumbani kwa miguu na tochi ya simu. Njiani nikasema lile nililokuja kulisema. Nilikuwa nimelipanga vizuri, kama makala. Likatoka vibaya. Nilimwambia nilikosea, kwamba baba aliniuliza na mimi nikasema jambo nisilolijua, na kwamba naomba anisamehe.

Alinyamaza hatua kadhaa. Kisha akacheka kidogo, akanishika mkono kwa namna ambayo mkubwa humshika mdogo.

"Dada, usijisumbue. Mimi nilikuwa nimeotea tu. Nilitangulia. Wakati wangu mpira wa wanawake haukuwepo."

Alisema hivyo ili kunipa nafuu, nami nilikuwa karibu kuipokea. Ni maelezo mazuri: alizaliwa mapema mno, basi, hakuna wa kulaumiwa. Lakini anayeijua sheria ya kuotea anajua haipimwi pale mpira unapokufikia. Hupimwa pale mpira unapopigwa. Na mpira ulipigwa Januari 2017, na mwalimu wa michezo ambaye hakuwa na gari wala bajeti, bali macho tu. Wakati huo ligi ilikuwa imeanza. Masaka, aliye mdogo kwake, alikuwa na miaka mitano tu mbele yake kabla ya Sweden. Msimu wa 2023/24 Geita yenyewe ilikuwa na timu kwenye ligi hiyo, Geita Gold Queens. Mdogo wangu alikwenda kuwatazama, mwanawe mgongoni, akiwa na miaka ishirini na mbili, umri ambao straika ndiyo kwanza anakomaa.

"Hukuwa umeotea," nilimwambia. "Ulikuwa sawa kabisa. Mimi ndiye niliyenyanyua kibendera."

Hakujibu. Tulifika, akafungua mlango, akaniuliza kama nitaoga.

Sijui kama amenisamehe, na nimeacha kuuliza, kwa sababu nimegundua kuuliza nako ni kumpa kazi. Nimejifunza jambo dogo tu: wale tunaoitwa "waliosoma" katika koo zetu ni washika vibendera kuliko tunavyojijua. Hatuna fimbo. Tunapigiwa simu tu, mara moja kila baada ya miaka kadhaa, na jibu letu la dakika mbili linakaa katika maisha ya mtu mwingine kama ukuta. Nikipigiwa tena nataka nianze na "sijui, ngoja niulize".

Juzi nimepigiwa. Ni mdogo wangu. Kuna mtoto wa jirani, kamaliza darasa la saba, mguu wa kushoto, ameitwa Mwanza kwa majaribio. Wazazi wake hawajui la kufanya. Walikaa, wakazungumza, mwisho wakaenda kumuuliza yeye pale kibandani, kwa sababu wanasikia zamani alikuwa anacheza.

"Umewaambia nini?" nikauliza.

"Nimewaambia aende. Nusu ya nauli natoa mimi," alisema. "Na nusu nyingine nimewaambia unatoa wewe."

Nimetuma usiku huohuo, na ya kutolea.